Bi Maliza na Sahani ya Mjukuu Wake

Watoto walimwita Bi Maliza, na hakuwahi kuuliza nani alianza. Alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mpishi wa shule ya chekechea, na katika miaka hiyo yote neno lililomtoka mara nyingi kuliko hata salamu lilikuwa hilo moja. Maliza mchicha. Maliza boga. Maliza, wenzako wanakungoja. Mara ya kwanza alilitamka na sukari kidogo ndani yake, mara ya pili lilikuwa kavu, na mara ya tatu hakuna mtoto aliyetaka kulisikia.

Jiko lake lilikuwa safi kiasi cha kukufanya uone aibu ukikumbuka la kwako. Masufuria yamepangwa kwa ukubwa, ubao wa kukatia mboga mbali na wa nyama, vijiko vya plastiki vimesimama kwenye kopo, kila kimoja kina utepe wa rangi ya mwenyewe. Na chakula chake, tusimnyime haki yake, kilikuwa chakula. Hakuwa mtu wa kuficha uvivu kwa mafuta na chumvi. Maharage yake yaliiva yakaiva. Karoti alizikata vipande vyembamba vinavyoshikika na kidole cha mtoto. Papai alilitoa mbegu zote, moja moja, kwa ncha ya kisu. Wazazi waliokuja kuandikisha watoto walipitishwa jikoni kwanza kabla ya kuonyeshwa darasa, wakamkuta ndani ya aproni nyeupe pee, na roho zikatulia.

"Wangu huyu hali mboga kabisa," walikuwa wakimlalamikia.

"Hali, au hajalishwa?" aliwajibu. "Niachie wiki mbili."

Wiki mbili zikipita mtoto alikuwa anakula. Hilo wazazi waliliona. Yaliyopita katikati hawakuyaona, kwa sababu mlango wa chumba cha chakula ulifungwa saa sita kamili na kufunguliwa saa saba.

Nyuma ya mlango ule hapakuwa na fimbo. Bi Maliza hakumpiga mtoto hata siku moja, na mtu wa kumzushia hivyo angelijua jiji. Alikuwa na njia zake. Palikuwa na kiti kilichotazama ukuta, ambapo mtoto aliyeshindwa na sahani alikaa nayo mpaka mchicha upoe na kushikana, na baada ya kupoa bado aule. Palikuwa na vidole viwili, gumba na cha shahada, ambavyo ukivibana pale taya zinapokutana mdomo hufunguka wenyewe. Palikuwa na pua, maana mtoto aliyebanwa pua hupumua kwa mdomo, na mdomo ukifunguka kijiko kipo tayari. Mwisho wa yote palikuwa na "fungua nione". Mtoto alipanua mdomo, akatoa ulimi nje, Bi Maliza akachungulia, akasema haya, kacheze. Na yote aliyafanya bila hasira, kwa utulivu wa mtu anayevalisha mto foronya.

Mwalimu Mkuu, mwanamke mpole mwenye miwani, aliwahi kwenda semina ya lishe ya watoto akarudi na karatasi, akaibandika ukutani. Ilisema mtoto aonjeshwe chakula kigeni mara nyingi bila kulazimishwa, hata mara kumi na zaidi. Ilisema kazi ya mkubwa ni kuandaa kilicho bora, na kiasi cha kula aachiwe mtoto mwenyewe. Ilisema wakubwa wakae mezani wale naye. Bi Maliza aliisoma mpaka mwisho, mikono kiunoni.

"Mara kumi," alisema. "Aliyeandika hii hajawahi kuosha vyombo."

Mwalimu Mkuu akacheka. Karatasi ikabaki ukutani, na mlango ukaendelea kufungwa saa sita. Kilichokuwa kikiendelea alikijua, tusidanganyane, ila ukimya wa chumba kile ulimfaa.

Mtu mmoja tu hakuwahi kumsifu Bi Maliza kwa kazi yake, naye alikuwa binti yake wa pekee. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa miaka thelathini na moja mwenye maneno machache, anaishi mitaa minne kutoka kwa mama yake pamoja na mtoto wake wa kike wa miaka mitatu na nusu. Alikuja kumwamkia mama kila Jumapili. Alikaa, akauliza habari za mguu unaouma, akanywa maji. Akikaribishwa chakula alisema, "Nimeshakula, mama." Tangu ahame nyumbani, miaka kumi na mitatu sasa, hakuwahi kutia tonge la mama yake mdomoni.

Na mjukuu pia hakulishwa. Bi Maliza alimbeba, alimwogesha, alimsuka, lakini bakuli likitokea tu binti alinyanyuka, akamchukua mtoto wake na kwenda kumlishia chumba kingine, mlango umerudishwa. Jambo hilo lilimuuma Bi Maliza kuliko alivyowahi kumwambia mtu. Amelisha watoto wa watu mpaka nywele zimemgeuka, na mjukuu wake mmoja wa damu hajawahi kumpa hata kijiko cha uji. Mtoto mwenyewe bibi yake alimwita Kupe, kwa jinsi alivyoganda kwenye mguu wa mama yake mbele za watu, na mtoto alicheka akiitwa hivyo.

Basi binti akapata kazi kwenye kiwanda cha kushona sare, kuingia saa moja asubuhi, kutoka saa kumi. Jirani aliyekuwa akimwachia Kupe alikuwa amehama. Jumapili ikafika, akaja, akakaa, akanywa maji.

"Mama, nataka kumleta Kupe shuleni kwako."

"Mlete hata kesho!"

"Kwa sharti."

"Sharti gani tena, mwanangu? Mimi na mjukuu wangu?"

"Usimlishe. Mwekee chakula mbele yake. Akila amekula, akiacha ameacha, jioni atakula na mimi. Usimwambie maliza. Usimkalishe kwenye kile kiti. Usimguse uso."

"Heh! Na njaa je?"

"Njaa nitajuana nayo mimi. Tujaribu wiki hii moja. Ijumaa nikiona mambo sawa, mtoto atakuwa wako. Nikichelewa kazini atalala kwako, likizo atakaa kwako. Nikiona sivyo, namwondoa shuleni, na nyumbani kwako sitamleta tena."

Bi Maliza alitaka kucheka, akauona uso wa binti yake, akaacha. "Unaniongelesha kama niliwahi kukutilia sumu," alisema. "Hebu jitazame. Mkono unaoendesha cherehani kutwa nzima umejengwa na nini? Ulikuwa unamaliza wewe! Sahani yako nilikuwa siioshi, naisuuza tu."

Binti aliitazama glasi yake. "Tumekubaliana, au hatujakubaliana?"

"Tumekubaliana."

Na alimaanisha. Ubaya wote wa habari hii uko hapo, kwamba mwanamke huyu alimaanisha kutoka chini ya moyo wake. Alimtaka mtoto yule. Jioni ile ile alitoa mashuka yake kwenye droo ya chini, akaipangusa vumbi, akaiacha wazi kwa ajili ya nguo ndogo.

Jumatatu Kupe aliketi mwisho wa meza ndefu, ubavuni kwa mvulana wa miaka mitano ambaye walimu walimwita Wakili, kwa sababu hakuwahi kukosa la kusema. Chakula kilikuwa wali na maharage, mchicha, na kipande cha boga. Kupe alikula wali kwa utaratibu wake, akamega boga, akala nusu. Mchicha aliugeuza kwa kijiko, akautazama upande wa pili, akausogeza ukingoni mwa sahani. Kisha akalaza kijiko na kusema kwa adabu zote, "Nimeshiba, bibi."

Watoto arobaini na wawili waligeuza shingo. Neno hilo halikuwa limesikika humo kwa miaka kumi na tisa. Mkono wa Bi Maliza ulikuwa umeshaanza kuinuka wenyewe, akaurudisha mfukoni mwa aproni.

"Haya," alisema. "Kanawe mikono."

"Bibi," Wakili akadakia, "mbona hajamaliza?"

"Kula chakula chako."

"Mbona yeye haambiwi maliza?"

"Yeye ni mgeni."

"Na kesho atakuwa mgeni tena?"

Kesho yake hakuwa mgeni, na mchicha ulibaki vile vile. Safari hii Wakili naye alilaza kijiko na kusema nimeshiba, bibi, kwa sauti ile ile ya Kupe, kichwa kimeinama upande ule ule, na meza nzima ikaangua kicheko. Alikipata alichokitafuta. Alikaa kwenye kiti cha ukutani mpaka saa saba kasoro dakika tano. Alitapika juu ya viatu vyake, akafutwa viatu, akaletewa kijiko kingine. Wakati huo Kupe alikuwa uani peke yake, maana watoto wana hukumu zao, na walikuwa wameshamhukumu. Hakuna aliyekubali kumshika mkono kwenye mstari. Msichana mmoja wa mikia miwili alimwambia waziwazi kwamba yeye ndiye anayewaponza wenzake, akamtemea mate karibu na mguu.

Bi Maliza aliliona hilo kupitia dirisha la jiko. Alimhurumia mtoto, na huruma yake ikaenda moja kwa moja kule ilikozoea kwenda. Kama angekula tu, alijisemea, haya yote yangeisha.

Jumatano Mwalimu Mkuu alimwita pembeni. Alizunguka mbuyu kidogo, akasifu maharage, hatimaye akalitoa. "Chumba cha chakula kina kelele siku hizi, Bi Maliza. Jana sahani saba zimerudi na chakula. Na kuna mzazi ameniuliza kama ni kweli mjukuu wako ana sheria zake."

"Ni wiki hii tu," alijibu Bi Maliza.

"Sawa. Sikulaumu. Nimeshangaa tu, wewe tena, kushindwa na sahani."

Maneno yale yalimwingia. Alirudi jikoni akasugua sufuria ambalo lilikuwa safi tayari.

Alhamisi likatokea jambo ambalo lingemwokoa. Watoto wanaendelea kula, yeye amesimama mlangoni na kitambaa begani, akamwona Kupe anachovya kidole kwenye mchicha. Mtoto alikinusa. Akakilamba, akakunja uso wote mpaka pua ikapotea. Akakaa kidogo. Kisha akachukua jani moja, moja tu, akaliweka mdomoni, akatafuna kwa muda mrefu akitazama dari, akameza. Hakutazama kama kuna anayemwona. Akaendelea na wali wake.

Jani lile lilikuwa kazi ya miezi. Kila jioni binti alikuwa akiketi chini na mwanawe, wanakula sahani moja, mchicha umewekwa pembeni kidogo tu, mama anaula upande wake na kuzungumza habari nyingine kabisa. Mwanzoni mtoto alilia kwa kuuona. Baadaye akauvumilia ukae pale, baadaye akausukuma kwa kidole, baadaye akamlisha mama yake jani kwa jani, wakicheka wote wawili. Kula hakuwahi. Na sasa amekula, mchana, ugenini, katikati ya watoto wasiomtaka, bila mtu kumwambia neno. Laiti Bi Maliza angemwambia binti yake jioni ile, "Leo kala jani moja," nadhani binti angeketi chini palepale kwenye ngazi na kulia kwa furaha, na wiki ingekuwa imekwisha salama.

Lakini Bi Maliza aliona kitu kingine. Kumbe anaweza! Damu ilimchangamka. Kumbe koo halina ugonjwa, ni deko tu, mama yake amemdekeza! Jani moja lilimpa njaa ya sahani nzima.

"Leo vipi?" binti aliuliza alipokuja kumchukua mtoto.

"Salama tu," alijibu, na lile jani akalifungia moyoni. Alikuwa ameshapanga kumpa binti yake zawadi ya Ijumaa. Atamshikisha sahani nyeupe mkononi. Amwone mama yake ni nani.

Ijumaa alimpakulia Kupe kama watoto wengine wote, mchicha kijiko kikubwa kizima. Na sharti alilishika, tena neno kwa neno, kwa ujanja wa mtu anayelivunja. Hakusema maliza. Hakumkalisha kwenye kiti. Hakumgusa uso. Mtoto alipolaza kijiko, Bi Maliza alichuchumaa kando yake, magoti yakalia, akaleta midomo karibu na sikio dogo.

"Mama anakuja kuchukua watoto waliokula," alinong'ona. "Ambao hawajala wanabaki hapa."

Kupe alimgeukia. "Mama yangu?"

"Mama yako."

"Atakuja?"

"Ukila."

Mtoto yule, ambaye asubuhi alibanduliwa kwenye mguu wa mama yake kidole kwa kidole, aliiangalia sahani. Kisha akakiinua kijiko. Hakulia. Ningependelea kukwambia alilia, maana kilio kingeweza kumzindua mtu. Alikula tu, haraka, macho hayapepesi, koo likipanda na kushuka kwa shida, mara mbili mwili wote ukishtuka kama anayetaka kurudisha, akajibana, akaendelea. Bi Maliza alisimama nyuma yake, mikono ameifunga mgongoni ili Mungu na watu washuhudie kwamba hakumgusa. Watoto wote walitazama. Wakili alitazama, akachukua kijiko chake na kula bila neno. Kelele za wiki nzima zilizimika, na chumba kikarudi kuwa kile cha zamani.

Kijiko cha mwisho kiliingia. Sahani ikawa nyeupe. Moyo wa Bi Maliza ulimjaa hadi akahisi joto machoni, akambusu mtoto utosini. "Fungua nione" hakusema. Kwa mjukuu wake aliona haya kuchungulia. Sahani hakuiosha. Aliifunika kwa kitambaa kisafi, akaiweka rafuni peke yake.

Mchana watoto walilala mkekani, Kupe amelala ubavu, midomo imefungwa. Walipoamka wakapewa maji, akatikisa kichwa. Mwalimu aliuliza rangi ya ua kwenye picha, mkono wa Kupe ukaonyesha, sauti haikutoka. Mwalimu alidhani amenuna. Mchana mzima hakuna aliyemshughulikia mtoto mtulivu.

Saa kumi na robo binti aliingia, nyuzi za buluu zimemganda kwenye mikono ya gauni. Siku nyingine Kupe angetoka mbio na kuganda mguuni. Leo alikuja kwa hatua ndogo ndogo, akasimama mbele ya mama yake, akamtazama juu bila kusema kitu.

"Njoo, njoo, njoo!" Bi Maliza alikuwa ameshatoka jikoni, sahani mikononi, kitambaa kikipepea. "Njoo uone sahani ya mwanao! Sijamgusa, muulize mwalimu yeyote. Kala mwenyewe, mchicha wote, hata jani halikubaki. Unaona sasa? Nilikwambia mimi?"

Binti hakuitazama sahani. Alikuwa anatazama shavu la mwanawe. Akapiga magoti sakafuni, akakinga kiganja chini ya kidevu.

"Tema, mama," alimwambia.

Mtoto akatikisa kichwa.

"Tema. Mimi nipo. Nimeshakuja."

Kupe alifungua mdomo, akasukuma kitu kwa ulimi. Lilianguka donge la mchicha, limekamuliwa maji yote, jeusi, na uzi wa mate ukalifuata. Tangu saa sita u nusu. Ndani ya shavu ngozi ilikuwa imetoka ukungu mweupe kwa kulowana. Mtoto alivuta pumzi ndefu, na maneno yake ya kwanza tangu chakula cha mchana yalikuwa haya:

"Nimemaliza, mama. Ndiyo maana umekuja."

Binti alibaki palepale chini. "Nani amesema?" aliuliza taratibu, na Kupe akageuza macho kwa bibi yake.

"Ah, maneno tu ya kumtia moyo," Bi Maliza alisema. "Mtoto mdogo, ataelewa nini? Kesho kasahau."

"Upande wa kushoto," binti alisema. Alikuwa anapangusa kiganja kwenye gauni lake. "Juu, nyuma ya magego. Ukisema fungua nione unatazama ulimi, unatazama chini ya ulimi. Juu hutazami."

"Unasema nini wewe?"

"Nasema nilikuwa natema. Nikitoka mezani naenda nyuma ya choo, natema. Kila siku, mpaka nina miaka kumi na moja, ndipo nikaanza kujipakulia mwenyewe. Siku nyingine nililala na donge mdomoni kwa sababu ulikuwa umekaa uani."

"Ulikuwa unamaliza."

"Sikumaliza hata siku moja, mama."

Bi Maliza aliinua sahani kidogo, kama vile bado ilikuwa na la kumsaidia. Alitafuta neno, na lililomjia lilikuwa la kijinga. "Lakini ulinenepa," alisema.

Binti alimpakata mwanawe kifuani, mtoto akamfunga miguu kiunoni na kuuficha uso shingoni. Hakupandisha sauti, hakupiga mlango, hakumkosea mama yake adabu hata kwa nukta. Kizingitini aligeuka.

"Sisi tunakwenda, mama. Usisumbuke kuja."

Wale wanaosema Bi Maliza hakuwa na moyo hawakumwona usiku na mchana wa siku mbili zile. Alilia, tena alilia hasa, na aproni hakuivua. Jumapili hakuna aliyekuja kunywa maji. Alasiri akashindwa kuvumilia, akajikokota na mguu wake mbovu mitaa minne. Mlangoni kwa binti aliinua mkono abishe, akasikia kijiko kinagonga sahani ndani, na Kupe anacheka, kicheko cha tumboni, anamwambia mama yake, "Hili la kwako, hili la kwangu." Akabisha. Kicheko kikakatika. Kijiko nacho kikanyamaza. Alisimama pale muda wa kutosha maharage kuchemka, akisikia watu wawili wanavyojizuia kupumua, kisha akarudi zake.

Ungedhani mtu wa namna hiyo angeingia kazini Jumatatu amevunjika. Ungedhani angefungua ule mlango wa saa sita, aketi na watoto, ale nao. Mimi pia nilidhani hivyo. Lakini alikuwa amepoteza binti na mjukuu kwa siku moja, na katika yote aliyoambiwa siku hiyo, ni neno moja tu lililomkaa kichwani, kwa kuwa ndilo pekee aliloweza kulifanyia kazi. Asubuhi alikata kucha ya kidole cha shahada mpaka kwenye nyama, akanawa mikono hadi kwenye viwiko.

Lilipikwa kabichi. Watoto walipomaliza aliwapanga mstari, akaweka bakuli la maji mezani. Wa kwanza alifungua mdomo, akatoa ulimi kama alivyozoea, na kidole kikaingia, kikapita ulimi, kikapanda kushoto, juu, nyuma ya magego. Hapakuwa na kitu. Wa pili hapakuwa na kitu. Wa tatu, yule msichana wa mikia miwili, kidole kiligusa kitu laini.

Bi Maliza alikitoa nje, akakitazama: kabichi. Msichana yule alikuwa mfano wa meza nzima, sahani yake ilirudi inang'aa kila siku ya Mungu. Aliendelea na mstari, akawapata wengine kumi. Kwa muda kidogo aliwaza miaka kumi na tisa, vijiko vyote vile, wazazi wote wale waliomshika mkono kwa shukrani, na akaona kwamba huenda hakuwahi kumlisha mtu yeyote kitu chochote. Wazo hilo lilikuwa zito kupita kiasi. Hakulibeba kwa muda mrefu.

Wakili alikuwa wa mwisho mwisho. Alipofikiwa alifunga mdomo, akabanwa taya, ukafunguka. Kabichi lilikuwepo. Alimtazama Bi Maliza, macho yamejaa maji, akitafuta la kusema, na mara hii hakuwa nalo.

"Meza," alisema Bi Maliza, kidole kingali ndani.

Mtoto akameza. Bi Maliza alisubiri koo lishuke, akapapasa tena kuhakikisha, akatoa kidole na kukisuuza kwenye bakuli.

"Haya," alisema. "Anayefuata."